Boliti ya Mwenzake

Tundu la risasi lilikuwa dogo kiasi kwamba kidole cha mwisho cha Inspekta kiliishia ukingoni mwake. Lilikuwa nyuma ya kiti cha dereva, chini kidogo ya mahali pa kuegemeza kichwa. Upande wa mbele, ambako jana alasiri ulikuwepo mgongo wa mtu, halikuwa tundu tena. Ilikuwa sponji iliyofumuka, nyeusi kwa damu iliyokauka, na nzi wamekwisha kuijua.

"Niletee ufagio," alisema.

Sajini alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha ukuta wa yadi ya kituo. "Ufagio, afande? Tunafagia gari la marehemu?"

"Ule wa njiti."

Ulipoletwa akachomoa njiti moja ndefu iliyonyooka, akaipenyeza tunduni kutoka nyuma mpaka ncha ikatokea mbele. Kisha akarudi hatua mbili na kuitazama, akatazama, akatazama. Pale kituoni walimwita Bi. Taratibu. Wezi wa mji ule walikuwa na msemo wao, kwamba heri upigwe na askari mwingine kuliko utazamwe na huyu.

Njiti ilikuwa imeinama. Ncha ya nyuma juu, ncha ya mbele chini.

"Nisomee tena maelezo ya mdogo mtu."

Sajini alifungua jalada, akasafisha koo. "'Mimi na kaka yangu tulikuwa tumetoka kuwinda. Tulikwenda na bunduki moja, ya kaka. Yangu niliiacha nyumbani. Tulichoka, tukailaza bunduki kiti cha nyuma na risasi yake ndani, bila mfuko. Kaka aliendesha, mimi nilikaa pembeni yake. Gari ikaingia shimoni, bunduki ikalia. Sheria ya kubeba silaha garini tunaijua, tulizembea tu. Niko tayari kunyang'anywa leseni.' Amesaini. Mpaka huruma, afande. Mtu anakiri kosa kabla hajaulizwa."

"Ndiyo," alisema Inspekta. "Kabla hajaulizwa."

Akaelekeza njiti kwa kidole. "Bunduki iliyolala kitini iko chini ya hili tundu. Ikilia, risasi inapanda. Hii imeshuka."

"Shimo liliirusha juu, ikalia ikiwa hewani."

"Inawezekana." Hakubishana naye. Alizunguka nyuma ya pikapu.

Kule, kwenye bodi, kulikuwa na sanduku refu la mbao lililokazwa kwa nati. Ndani limetandikwa blanketi zito, na blanketi limeshonwa likafanya vitanda viwili vyenye umbo la bunduki, kitako huku, mtutu kule. Inspekta alipitisha kidole kwenye kitanda cha kwanza, kikatoka na mafuta mabichi. Akapitisha kwenye cha pili. Mafuta mabichi pia.

Pembeni kulikuwa na kisanduku cha bati cha risasi, kimefungwa kufuli. Ufunguo wa kufuli ulikuwa kwenye pete moja na ufunguo wa gari.

"Umeona hii?" alisema. "Gari likiwa linatembea, ufunguo huu uko kwenye swichi. Hakuna wa kugusa risasi mpaka gari lisimame na kuzimwa. Watu waliotengeneza hivi, Sajini, ndio hao unaosema walichoka wakaiacha risasi ndani?"

"Hata mlevi ana siku anayofunga mlango vizuri, afande. Na mwangalifu ana siku yake ya kusahau."

Akafungua kufuli, akahesabu. Kibali kilichobandikwa ndani ya kifuniko kilisema risasi ishirini. Mle mlikuwa na kumi na saba. Akatafuta maganda matupu, maana kila mwindaji anajua kwamba ganda linarudishwa kwenye geti la kitalu kama risasi yenyewe. Hakuna hata moja.

"Kumi na saba, na lile ganda lililokutwa kwenye bunduki. Kumi na nane. Mbili zimekwenda wapi?"

"Walipiga swala wakakosa."

"Na maganda akayala swala?"

Sajini akajikuna shingo. "Mkuu anataka jalada mezani mchana huu. Kishasema: ajali, uzembe, basi."

"Washa gari. Twende getini."

*

Geti la kitalu cha uwindaji halikuwa geti. Ulikuwa mnyororo mnene uliovutwa kati ya nguzo mbili za chuma, na kando yake kibanda cha tofali za matundu chenye paa la bati, dirisha moja na mlango mmoja. Pande zote nne majani yalikuwa yamefyekwa kuzuia moto. Hapakuwa na mti wala kichaka ambacho mtu angeweza kusimama nyuma yake.

Mlinzi alikuwa ameuangalia mnyororo huo miaka ishirini na miwili, hata watu wakamwita Mzee Mnyororo na jina lake likabaki kwenye karatasi za mshahara.

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kiti kiko kimoja, nacho kimevunjika, kwa hiyo karibu usimame."

Alicheka peke yake. Hakuinuka.

"Nimekuja kuona daftari la magari."

"Daftari liko ofisi kuu."

"Nimewapigia. Wanasema liko kwako."

"Ah. Basi litakuwa lile. Lile lililowa, mwanangu."

"Limelowa na nini? Mvua ina miezi miwili haijaonekana."

Mzee akatazama dirishani. Inspekta akatazama kiti. Mtu mwenye heshima namna ile, amekuja mgeni mwanamke na cheo begani, na bado makalio yameng'ang'ania kiti kibovu.

"Inuka, mzee."

"Miguu inaniuma."

"Inuka ili ipumzike."

Akainuka. Daftari lilikuwa pale, limefunikwa kipande cha gunia, joto kama mkate. Inspekta hakulifungua kwanza.

"Ulipewa nini?" aliuliza. "Wamepita na bunduki yenye risasi ndani, wewe ukafumba macho. Ulipewa nini?"

Uso wa mzee ukabadilika. "Nipewe nini mimi? Na nani? Binti, mimi nimemrudisha jaji hapa na mgeni wake, kwa sababu mfuko wa bunduki haukufungwa kamba! Nimeitwa mbwa, nimeitwa mjinga, mnyororo sijaushusha. Nipewe nini!" Akaondoa gunia juu ya daftari. "Fungua. Mstari wa mwisho. Tazama aibu yangu."

Akafungua. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyesoma kidogo na kuheshimu alichokisoma. Jana, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Gari pikapu, ndugu wawili. Bunduki mbili, na namba zake. Boliti mbili. Risasi ishirini. Saini mbili. Na upande wa kulia, pa kutokea, peupe.

"Miaka ishirini na miwili sijawahi kuacha mstari wazi," alisema mzee. "Lakini jana Mdogo alinijia kwa miguu kutoka kule ndani, analia, shati lote damu. Nikatupa kalamu nikamshika. Nikawapigia nyie. Baadaye mkalivuta gari likapita hapa, na mimi nimeduwaa, sikuhesabu. Zimeingia mbili. Sijui zimetoka ngapi. Wakijua ofisini, mimi nimekwisha."

"Imetoka moja," alisema Inspekta.

Bati la juu lilikuwa linalia kidogo kidogo kwa jua.

"Ya nani?"

Akafungua jalada lake, akalinganisha namba. "Ya Mkubwa. Hiyo ndiyo iliyomuua. Mzee, asubuhi walipopita hapa zilikuwaje?"

"Kama siku zote. Tupu, kila moja mfukoni mwake, sandukuni, boliti nje."

"Boliti ndiyo kile chuma cha kuvuta nyuma na kusukuma mbele?"

"Ndicho. Bila hicho, bunduki ni bomba tu, hata ungekuwa na gunia la risasi. Sheria inataka itolewe, ikae mbali na bunduki."

"Na wao waliziweka wapi?"

Kwa mara ya kwanza mzee akatabasamu kweli. "Hapo ndipo utawacheka. Ya Mkubwa anakaa nayo Mdogo, ya Mdogo anakaa nayo Mkubwa. Mfuko wa shati, wa kushoto, kifungo kimefungwa. Baba yao ndiye aliyewazoesha, tangu walipoanza kushika bunduki. Marehemu baba yao alikuwa mtu wa hasira na alijijua. Alitaka kila bunduki ya nyumba yake iwe na pengo ambalo mwenzako ndiye analiziba. Mkifika pa kuwindia mnapeana. Mkimaliza, kabla hamjapanda gari, mnabadilishana tena. Nimewatania mpaka nikachoka. Nawaambia, nyie siku mkinuniana mtakula majani."

"Hawakuwahi kusahau?"

"Sahau gani? Nasoma namba hapa kila safari. Ingekuwa wamesahau, ningeona."

Inspekta aligeuza karatasi nyingine. Alisoma polepole, kisha akairudia. Ilikuwa orodha ya nguo kutoka chumba cha maiti.

"Hiyo jana, boliti ya Mdogo uliiona ikiingia mfukoni kwa Mkubwa?"

"Kwa macho yangu. Akafunga kifungo."

"'Shati la kaki,'" alisoma. "'Mfuko wa kushoto mtupu. Kifungo kimenyofolewa, uzi umebaki.'"

Mzee alikaa bila kukiangalia kiti, kikalia vibaya.

"Sikiliza, mzee, unikosoe nikikosea. Boliti ya bunduki iliyoua ilikuwa mfukoni kwa Mdogo. Bunduki haikuweza kulia mpaka yeye aitoe, aitie. Haikulala kitini. Ilishikwa, na aliyeishika alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mtutu juu ya tundu. Amekiri kosa la kubeba silaha vibaya kwa sababu waliibeba vizuri. Ingekutwa ya pili sandukuni, tupu na mfukoni mwake, nani angeamini kwamba ya kwanza iliachwa kitini na risasi ndani? Kwa hiyo moja akaificha, akasema iko nyumbani."

"Na boliti yake akaichukua kwa maiti," alisema mzee, sauti imeshuka.

"Waligombana?"

"Jana hapa hapa. Mkubwa aliniambia, mzee, hii safari ya mwisho, Jumatatu narudisha leseni zote mbili. Alisema bunduki ya Mdogo imeonekana mikononi mwa watu wasiotafuta nyama. Watu wa pembe. Mdogo alikuwa mle garini, anatazama kioo cha mbele. Hakupepesa."

Inspekta alitoka mlangoni akamwita Sajini. "Nenda mahali gari lilipokutwa. Kilomita sita. Tafuta ardhi iliyofukuliwa, mti wenye pango, chochote. Kuna bunduki ya pili, kamili, na risasi mbili. Bastola unayo wewe, kaa nayo."

"Na wewe, afande?"

"Mimi nina daftari."

*

Simu ilikuwa inashika karibu na dirisha tu, na lazima uinamishe shingo. Vumbi la Sajini lilikuwa limetua zamani Inspekta alipokipata kituo.

"Huyo mdogo wa marehemu," alisema, "asitoke mahabusu mpaka nirudi."

Koplo wa mapokezi alifunua kitabu chake. "Ametoka, afande. Kwa dhamana. Mkuu alisaini saa nne."

"Saa nne! Sasa saa saba. Ameenda wapi?"

"Shemeji yake alimwazima gari. Alisema kabla ya kwenda msibani anapitia kumshukuru mzee wa getini, aliyemsaidia jana. Kijana muungwana kweli, afande. Na majonzi yote yale."

Inspekta alikata simu. Akaiweka juu ya daftari.

"Nani?" aliuliza mzee.

"Yuko nje. Anakuja kukushukuru."

Mzee Mnyororo hakuuliza ashukuriwe kwa lipi. Alitazama daftari, maana ndani yake mlikuwa na mstari mmoja tu wa kumtia mtu kitanzi, na aliyeuandika ni yeye.

"Baiskeli yangu iko nyuma," alisema. "Ila ina breki upande mmoja na wewe umevaa sketi."

"Na majani yamefyekwa. Tutaonekana mpaka kesho kutwa."

Simu ikalia. Wote wawili wakashtuka kama wameguswa na kaa la moto. Alikuwa Sajini, anahema.

"Afande, nimepata. Ng'ambo ya korongo, chini ya jiwe. Shimo limefukuliwa, gunia lipo, bunduki haipo. Udongo wa ndani bado mbichi. Saa nzima haijapita. Na kuna alama za gari dogo, limetokea njia ya mtoni."

"Rudi."

"Nakuja, ila gari niliacha ng'ambo, nimeshuka korongo kwa miguu. Nipe dakika ishirini. Afande? Fungeni mlango."

Mlango wa kibanda ulikuwa wa mbao za sanduku. Inspekta aliusukuma kwa kidole kimoja, ukacheza.

Risasi mbili. Na pale kibandani walikuwa watu wawili.

Walikaa wakisikiliza. Bati lililia, likanyamaza. Nyuki alikuja dirishani akazunguka ukingo, akaondoka. Halafu, mbali, upande wa ndani ya kitalu, ikasikika injini.

"Sajini huyo," alisema Inspekta. "Amewahi."

Mzee aliinua kichwa kama mtu anayenusa. "Hiyo si yenu. Yenu ya dizeli. Hiyo ndogo."

Vumbi lilionekana, likakaribia bila haraka. Mzee akainama kufunga kamba za viatu. Vidole vilikataa. Alijaribu mara ya pili, kamba ikamponyoka.

"Unakwenda wapi?" alinong'ona Inspekta.

"Nje. Kila gari natoka nje, wote wanajua. Nisipotoka atajua kuna kitu humu, ataingia. Nikitoka, mimi ni mzee yule yule."

"Mzee, huyo mtu..."

"Namjua kuliko wewe. Huyu nimempa pipi hapa na meno hana."

Inspekta alipiga magoti akamfunga kamba za viatu, kimoja, kingine, fundo mbili mbili. Kisha akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, chini ya dirisha, daftari kifuani. Gari likasimama. Injini haikuzimwa.

"Shikamoo, mzee." Sauti ilikuwa ya upole, imekauka.

"Marahaba, baba. Pole tena. Tunazika lini?"

"Kesho. Nimepita kukushukuru. Na kusaini. Jana hatukusaini kutoka."

"Kweli, hatukusaini. Wewe una akili, mimi nimezeeka. Umeingilia wapi, sijakuona?"

"Mtoni. Nilitaka nipaone pale, peke yangu. Niletee kitabu tu, mzee, nina haraka."

"Nakuletea. Una silaha garini?"

Inspekta alihesabu mapigo ya injini akapotea hesabu.

"Ndiyo utaratibu, mwanangu," mzee aliendelea. "Kila gari. Hata gari la rais."

"Ninayo," ilisema sauti. "Yangu. Tuliisahau kule jana, kwa kuchanganyikiwa."

"Iko wapi?"

"Hapa. Kitini."

"Kitini wapi, nione. Toa hilo shuka." Viatu vikasogea kwenye changarawe. Halafu sauti ya Mzee Mnyororo ikapanda, ikawa ya baba mkubwa aliyemkuta mtoto na kiberiti. "We! We! Juu ya kiti, mtutu mlangoni, na boliti ndani? Kaka yako yuko kwenye jokofu kwa mambo haya haya, na wewe unakuja kwangu hivi? Baba yako angekuona angekuchapa na kitako chake! Toa. Toa nikuone unatoa!"

"Mzee, sina muda..."

"Muda wa kuzika unao? Toa boliti, nisome namba, nikuletee pamoja na kitabu, usaini, nikurudishie, uende zako. Kama siku zote. Au leo umekuwa mgeni?"

Inspekta alisikia kiti cha gari kikilalamika. Alisikia shuka likivutwa. Kisha akasikia chuma kikivutwa nyuma, na kitu kidogo kizito kikadondoka, kikabingirika kwenye bati la sakafu ya gari.

"Na hiyo risasi okota, isikae miguuni," alisema mzee. "Haya. Weka hapa."

Viatu vikarudi. Haraka havikwenda. Mzee aliingia, kiganja kimefunguka mbele yake kama amebeba maji, na boliti iko juu yake inang'aa kwa mafuta. Uso ulikuwa umemlowa wote.

Inspekta aliichukua. Ilikuwa na joto la mkono wa mwenyewe. Ukutani, mbele ya macho yake, tofali zilikuwa na matundu. Akaipenyeza kwenye tundu moja, akaiachia. Ikaenda chini ndani ya ukuta, ikigonga hapa, ikigonga pale, mpaka ikanyamaza.

"Sasa itabidi tubomoe," alinong'ona mzee.

Inspekta alisimama, akakung'uta sketi, akatoka juani.

Kijana aliyekuwa kwenye usukani alikuwa mzuri wa uso, amenyoa vizuri, shati jeupe la msibani. Alimtazama kwanza kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi. Halafu akamkumbuka, maana jana ndiye aliyemwandikia maelezo na kumpa maji ya kunywa.

"Zima gari," alisema Inspekta.

Kijana aliinua bunduki kutoka kitini. Hakuiinua kwa pupa. Aliinua kama alivyofundishwa, kitako begani, shavu kwenye mbao, mtutu ukatoka dirishani na kumtazama Inspekta usoni, hatua mbili tu kutoka pua yake. Inspekta hakuinama. Pa kuinamia hapakuwepo. Alitazama ndani ya mtutu, kwa sababu ndipo macho yalipokwenda, na badala ya giza akaona kitone cha mwanga. Mwanga mweupe wa mchana, ukubwa wa mbegu ya ufuta, umetokea upande wa pili.

Kijana, kama aliyesahau kwamba boliti ameitoa, alivuta kifyatulio. Kililegea tu, kama kidole cha mtu aliyelala. Akavuta tena.

"Zima gari," alisema Inspekta mara ya pili.

Injini ikazimika. Kwa mbali, kutoka ndani ya kitalu, dizeli ya Sajini ilianza kusikika. Kijana aliilaza bunduki mapajani, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, kama dereva aliyefika. Inspekta aliingiza mkono, akaichukua bunduki kwa mtutu, akaisimamisha ukutani. Akafungua mlango.

"Shuka."

Hakushuka. Alikuwa anatazama kioo cha mbele.

"Nilimwambia asimamishe, nimemwona swala," alisema. "Akasimamisha, akanipa funguo. Nikaipakia. Nikarudi kukaa nyuma yake." "Ile boliti inaposukumwa ina mlio wake. Aliusikia. Ulikuwa karibu na sikio lake kabisa."

"Akafanya nini?"

"Hakugeuka," alisema kijana. "Aliniuliza tu kwa sauti ndogo, tusimtishe, 'Yuko upande gani?'"